Uji wa Hajja Juu ya Mawingu ya China

Kabla sijasahau, na siku hizi nasahau, nataka kuandika habari za Selipher Nabwire wa Funyula, mtumishi wa nyumba huko Al-Malqa, Riyadh, aliyesafiri kwa muda wa saa tisa na nusu kwenye kiti ambacho mimi, baada ya miaka arobaini na minne ya kukaa nchi hii, sijapata hata kukigusa.

Ninaandika nikiwa Jeddah, mtaa wa Al-Baghdadiyah, chumba cha juu ya duka la vitambaa. Nilikuja bandarini hapa na elimu ya darasa la saba, nikapewa brashi na kopo la rangi kuandika alama kwenye makasha. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwa makasha hayo hayo, Kiarabu ubavu mmoja, Kiingereza ubavu wa pili. Yaliyotoka Mashariki ya Mbali yalikuwa na maandishi mengine kabisa, kama vijumba vidogo vilivyopangwa safu. Hayo sikuyaweza, na yalinikera miaka yote.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mzee Siraj, marehemu sasa. Adhuhuri alikuwa akitupakia garini, dereva, mlinzi na mimi, hadi nyumbani kwake hapa Al-Baghdadiyah. Sinia moja liliwekwa chini, wali na samaki, na sote tulilizunguka, yeye, mwanawe Hatim, dereva wa Yemeni, mlinzi na mimi Mkristo wa Busia. Mkewe, Hajja Samiha, alikuwa akiuliza kwa sauti kutoka nyuma ya mlango kama tumemaliza kichwa cha samaki, na tukisema bado, alitufokea kwamba tunamdharau mpishi. Hakuna aliyeona ajabu. Leo dereva anapelekewa chakula kwenye kisahani cha foili, anakula ndani ya gari akiangalia simu. Sisemi kwa kusikia, nimeona.

Mzee Siraj alipofariki, Hatim alimhamishia mama yake Riyadh, kwenye nyumba yenye lango linalofunguka lenyewe. Huko kiharusi kikamchukua Hajja mkono wa kulia na maneno yote. Mwanamke aliyekuwa akitufokea nyuma ya mlango akabaki na macho tu. Ndipo akaletwa Selipher, umri wake wakati huo miaka thelathini na moja.

Selipher hakujua Kiarabu, na Hajja hakuwa tena nacho. Kwa hiyo walianza sawa. Kwa mkono mmoja wa kushoto na nyusi mbili, Hajja alimfundisha kila kitu: mto huu hapana, dirisha lile ndiyo, huyu aliyepiga hodi simtaki. Madam, mke wa Hatim, alikuwa akiingia na kuwakuta wanacheka, na hakujua wanacheka nini, wala hakupenda.

Baada ya kiharusi Hajja hakuweza kumeza maji wala juisi. Kitu chepesi kilimpalia akakohoa hadi midomo ikawa ya bluu, na kitu kigumu alikitema. Walimletea unga wa hospitali wa kuchanganya na maji, akafunga mdomo. Selipher ndiye aliyepika uji wa wimbi, wa unga uliotoka kwao, mzito kiasi cha kushika kijiko, akatia ndimu kidogo. Hajja akageuza uso. Selipher akakaa kitandani, akanywa kijiko kimoja yeye mwenyewe, akamwonyesha kile kijiko, akakijaza tena na kukishikilia mbele yake. Hajja akafungua mdomo. Tangu siku ile ilikuwa hivyo, moja yangu, moja yako, bakuli moja na kijiko kimoja. Mama huyu hakuwahi kula peke yake maisha yake yote. Kumpelekea chakula kitandani na kumsimamia kama mgonjwa kulikuwa kumwambia kwamba yeye si mtu tena.

Ila nyumba ile ilikuwa na sheria. Vijiko na vikombe vya wafanyakazi vilizungushiwa utepe mwekundu visichanganyike. Kwa hiyo bakuli moja lilikuwa siri ya chumba kile. Mlango ulifungwa kwanza, ndipo wakala.

Mwaka jana madaktari wakasema moyo wa Hajja una mlango usiofunga vizuri, na hospitali iliyokubali kuutengeneza ilikuwa Seoul, Korea. Daktari wa Riyadh alimweka Hatim na Selipher pamoja akawaambia jambo moja. Hajja ana sukari, anadungwa sindano kila alfajiri, basi lazima ale kidogo kila baada ya saa tatu. Kipimo cha kidole kisishuke chini ya sabini. Akifika amelegea hawatampasua, watamrudisha, na safari ya pili hataiweza. Ndiyo maana tiketi ya Selipher ikakatwa mbele kabisa, kiti kilichopakana na cha Hajja, na cha Hatim mbele yao, katika ndege ya Wakorea wenyewe. Madam alisema hata yeye hajawahi kukaa hapo. Hatim akamjibu, wewe hujui kumlisha mama.

Aliyewapeleka uwanjani ni Elkanah, dereva wa nyumba ile, kijana wa Kakamega ambaye hunipigia simu kila Ijumaa kunipa habari. Njia nzima alikuwa akimtania Selipher.

"Ukirudi sijui kama utatusalimia, dada. Watu wa first class hawatujui."

"Nitakusalimia," Selipher alimjibu. "Nitakupungia kwa dirisha, kama mabosi unaowaendesha."

Asubuhi ile alikuwa amepika uji na kuujaza chupa mbili za kuhifadhi moto, akazitia ndani ya kiondo chake. Ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu asiyefanya kazi za nyumba hawezi kulifanya. Miaka yote ya kazi ile alizoezwa kwamba mizigo ya mwajiri hutangulia. Akashusha begi la Hajja, mkeka wa sala, blanketi, dawa, mto na karatasi za hospitali, na kiti cha magurudumu kikaja. Kiondo, kwa kuwa kilikuwa chake, alikiacha kiwe cha mwisho. Polisi akamwambia Elkanah yalla, ondoa gari. Wakaachana.

Elkanah alikiona kiondo alipofika Al-Malqa. Saa tano asubuhi alinipigia mimi, kwa sababu hakujua ampigie nani mwingine.

"Mzee Zablon, uji umebaki kwa gari."

Niliuliza ndege iko wapi. Akasema imepaa. Nilikaa kitandani na simu mkononi. Najua mambo ya kuachwa na meli, lakini meli unaweza kuifuata kwa mashua.

Yaliyotokea huko juu nimeyasikia kwa Selipher mwenyewe, mara mbili, na mara zote mbili hayakupishana.

Alipoingia ndani alidhani amekosea. Safari yake ya kwanza kutoka Nairobi walikuwa wasichana arobaini wenye fulana za rangi moja, magoti yamegota kiti cha mbele, na hakuna aliyejua mlango wa choo unafunguliwaje, wakajizuia hadi Riyadh. Hapa kila mtu alikuwa na chumba chake chenye ukuta wa kufika kifuani na mlango wa kuteleza. Kiti kilikuwa kipana kama kochi la sebuleni, nacho ukikibonyeza kinalala chenyewe, taratibu, kama ng'ombe anayepiga magoti. Kulikuwa na nguo za kulalia zilizokunjwa, viatu laini vya kitambaa, ua moja bichi kwenye kitundu cha ukutani. Ua, mbingu zote hizo juu ya ardhi. Alilishika kuhakikisha kwamba ni bichi. Madirisha matatu yalikuwa yake peke yake. Jangwa liliposhuka chini yao likawa kama ngozi ya simba iliyoanikwa, na baadaye bahari, na baadaye mawingu meupe yaliyolimwa matuta. Aliniambia alitaka kulia, na hakuwa na huzuni yoyote.

Kisha akaja mhudumu, msichana mwembamba, nywele zimefungwa kisogoni kama kitunguu. Akapiga goti moja mbele ya Hajja ili macho yao yalingane, akasema maneno mapole ya Kikorea na Kiingereza kidogo. Selipher akaona ni sawa, yule ni mkubwa. Lakini msichana akageuka, akapiga goti mbele yake yeye, Selipher, mtumishi.

Kwao Funyula, msichana humpigia goti anayemhudumia, na anayepigiwa goti ni mkubwa wake au mgeni wa heshima. Selipher hakuwa wa kukaa tu kitini mtu akimpigia goti. Alifungua mkanda, akashuka, akapiga magoti yote mawili chini kumkabili. Wakabaki hapo ujiani, wawili, kila mmoja akimngoja mwenzake ainuke kwanza. Abiria mmoja wa Kikorea akashusha gazeti lake. Msichana akaziba mdomo kwa kiganja akacheka, Selipher naye akacheka, na Hajja kwenye kiti chake akatikisa bega zima, la kushoto, kwa kicheko. Ndipo msichana akampa kitambaa cha moto, mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto umegusa kiwiko.

Hapo nilimkatiza masimulizi. Nilimuuliza, kiwiko? Akasimama akanionyesha, mkono wa kulia mbele, vidole vya kushoto chini ya kiwiko cha kulia, kichwa kimeinama kidogo. Nikamwomba arudie. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonipa kibuyu cha maji. Hivyo ndivyo sisi sote tulivyopeana kitu, na aliyetoa kwa mkono mmoja mtupu alichapwa. Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho mjukuu wangu alinipa maji kwa mkono wa kushoto, macho yako kwenye simu, na baba yake hakusema neno. Nilidhani jambo lile limekwisha duniani, nitazikwa nalo. Kumbe liko. Linapaa angani kila siku, kwa watu ambao sikuweza kusoma hata jina kwenye makasha yao.

Lakini ilikuwa saa ya kula, na Selipher alipotia mkono kutafuta kiondo hakukipata. Alitafuta chini ya kiti, chini ya blanketi, ndani ya kabati. Aliniambia jasho lilimtoka mgongoni kama maji ya bomba. Kipimo kilisema mia moja na nne.

Akamwamsha Hatim, aliyekuwa kibanda cha mbele. Alikuwa hajalala siku tatu na alikuwa ametoka kumeza kidonge cha usingizi. Hatim aliagiza kwa Kiingereza kila kilichokuwamo kwenye orodha, kimanda, mkate, matunda, mtindi. Hajja akafunga mdomo kwa vyote, na mtindi akautema. Hatim akasema akisikia njaa atakula, macho yanamfumba, akavuta mlango wake.

Kipimo kikawa themanini na moja. Selipher akampaka Hajja asali kwenye ufizi kwa kidole, ikasaidia kidogo, kisha namba ikaanza kushuka tena. Akamwendea msichana wa kitunguu. Kiingereza chake cha Funyula na kile cha msichana havikukutana. Alipoeleza, msichana alimletea maji ya moto. Alipoeleza tena, akamletea chai, akaita mwenzake, na mwenzake akaita mkubwa wao, na hakuna kati yao aliyejua Kiarabu wala hiki chetu. Wote walikuwa wapole na wote walikuwa wamesimama tu. Kipimo kikasema sitini na nane.

Na hapo Selipher akakumbuka kwamba yeye ana miaka mitatu hasemi na Hajja ila kwa mikono. Akawanyamazisha kwa kiganja. Akaingia jikoni mwao, kichumba kile chembamba cha ndege, akasimama katikati kama amesimama jikoni kwa mama yake. Akachota unga hewani. Akaunyunyiza. Akakoroga kwa mwiko usiokuwapo, polepole, akaonyesha jinsi mkono unavyokuwa mzito uji unapoiva. Akapuliza. Akashika shavu lake la kulia akalilegeza, akainamisha kichwa, akawa Hajja. Akajilisha. Akameza.

Msichana wa kitunguu alimtazama bila kupepesa. Kisha naye akanyanyua mikono. Akaosha nafaka hewani, mara moja, mara mbili, akamwaga maji. Akakoroga vile vile. Akakunja mgongo, akaficha meno kwa midomo akawa bibi kizee asiye na jino hata moja, akajilisha na kufumba macho kwa utamu. Alikuwa bibi yake yeye, wa kwao, kijijini kwao. Wakatazamana. Selipher anasema hajapata kuelewana na mtu hivyo, hata na mume wake.

Ulikuja kwenye bakuli la udongo lenye kifuniko. Uji wa mchele, mweupe, mzito kiasi cha kushika kijiko. Wapo pia wenye uji, upande ule wa dunia. Selipher aliunusa akaona kwamba ungewezekana.

Hajja aliutazama akageuza uso.

Selipher alijua kwa nini. Kijiko kilikuwa kimoja, cha fedha kinachong'aa. Mlango wa kibanda cha Hajja, alimokaa naye kiti kimoja, ulikuwa wazi kwa ajili ya wahudumu, wote watatu wamesimama hapo wakingoja, na hatua mbili mbele ulikuwa mlango wa Hatim. Riyadh walikuwa wakifunga kwanza. Hapa, mtumishi kutia kijiko cha mama wa bosi mdomoni mwake mwenyewe ilikuwa kazi imekwisha, halas, tiketi ya kurudi Funyula. Ana watoto wawili shuleni na nyumba iliyoezekwa nusu. Alivifikiria vyote. Kipimo kikasema sitini na tatu, na mkono wa Hajja ulikuwa umeanza kutetemeka.

Akasema, kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna aliyeijua humo, "Mama, karibu tule."

Akala kijiko cha kwanza. Akakionyesha kitupu. Akakijaza, akakishikilia kwa mkono wa kulia, wa kushoto umegusa kiwiko. Hajja akafungua mdomo.

Moja yangu, moja yako. Chini yao, msichana alionyesha kwenye ramani ya kioo, ilikuwa China, na mawingu yalikuwa yamepigwa na jua la upande hadi yakawa rangi ya papai. Bakuli lilikuwa limefika nusu Hajja alipoinua macho kutazama nyuma ya bega la Selipher. Selipher akageuka. Hatim alikuwa amesimama mlangoni, soksi za ndege miguuni, nywele zimesimama. Selipher hakujua amesimama hapo kwa muda gani. Kijiko kilikuwa kinatoka mdomoni mwake.

Hakuweza kusimama, kwa sababu bakuli lilikuwa mapajani. Alingoja.

Hatim alimtazama mama yake, akalitazama bakuli, akatazama kijiko. Mbele ya kila kiti kuna kistuli cha kuwekea miguu, kipana, mtu anaweza kukikalia. Akakikalia, magoti yamemfika kifuani.

"Uji umebaki?" akauliza.

Hajja akanyanyua mkono wa kushoto, akaupiga ukingo wa bakuli, vile ambavyo alikuwa akimpigia mtu sinia kumwambia asogee. Hatim akapokea kijiko kile kile, akala, akamlisha mama yake, akamrudishia Selipher. Wakaenda hivyo watatu hadi bakuli likaisha. Msichana wa kitunguu akaleta la pili bila kuulizwa. Walipotua Seoul kipimo kilisema mia moja na kumi na nane, na siku ya tatu Hajja akapasuliwa, na yuko hai ninapoandika.

Sitasema kwamba dunia imegeuka. Utepe mwekundu uko pale pale Al-Malqa, madam hajautoa. Selipher anasema tu kwamba baadhi ya asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Hatim huingia chumbani kwa mama yake, hufunga mlango nyuma yake, na hukuta amewekewa nafasi kitandani.

Majira ya baridi walimleta Hajja Jeddah aione nyumba yake ya zamani. Sasa ni ofisi ya kukodisha magari. Hatim alikuwa garini akisema na simu, hakushuka, ingawa nadhani aliniona. Hajja alinishika mkono kwa mkono wake wa kushoto akaubana muda mrefu, kisha akaonyesha kichwa cha samaki, kwa vidole viwili na jicho lililokodolewa. Nilimwambia bado tunamdharau mpishi. Bega lile likatikisika.

Selipher alikuwa ameniletea orodha ya chakula ya ndege, kadi nene yenye uzi wa hariri. Msichana wa kitunguu alikuwa amempa wakati wa kushuka, amepiga mstari wa kalamu chini ya neno moja. Selipher akanipa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umegusa kiwiko. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Maandishi ni yale yale ya makasha, vijumba vilivyopangwa safu. Nina umri wa miaka sabini na miwani iliyopasuka pembeni. Kila asubuhi naiweka kadi karibu na dirisha na kunakili kijumba cha mwisho cha neno lile, kwa sababu nadhani hicho ndicho uji. Kina vipande vitatu. Viwili nimevishika.